Siri ya Mgonjwa, Kutoka TB Manyatta Mpaka Kwa Simu Yangu

Wengi wenu mlinijua kwa ile video. Ya yule mtoto wa miaka tisa aliyevimba shingo, amelala kwa kitanda cha hospitali, mamake anampepea na kipande cha katoni. Sekunde 47. Niliweka namba ya M-Pesa chini, nikaandika maneno machache, nikalala. Kuamka asubuhi imefika Eastleigh, imefika Minneapolis, na kwa siku nne pesa ya vipimo na safari ya Nairobi ilikuwa imepatikana na nyingine ikabaki. Watu waliniombea dua. Nilijiona shujaa, siwezi kuwadanganya.

Miezi mitatu baadaye mamake alinipigia. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Alisema, "Mwanangu, mtoto amekataa kwenda duksi. Wenzake wanamuita kwa jina la ugonjwa. Kuna mama hapa jirani amewaambia wanawe wasinywe maji kwa kikombe chake. Unaweza kuitoa ile video?"

Ugonjwa wenyewe niliuandika mimi, kwa herufi nyekundu kubwa: TB. Ilikuwa TB ya tezi za shingo. Daktari alikuwa ametuambia waziwazi kwamba hiyo haiambukizi watu kwa kukohoa kama ile ya mapafu. Hiyo sehemu niliikata. Video ingekuwa ndefu.

Niliitoa, walahi. Ilichukua sekunde mbili. Lakini kufikia hapo ilikuwa kwa kurasa za watu nisiowajua, wengine wameweka muziki wa huzuni, wengine namba zao wenyewe za M-Pesa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza, huku kwetu siri ya mgonjwa ni mali ya nani? Nikaanza kuuliza wazee, nikaanza kusoma. Nilichokipata si historia ya shuleni ya Vasco da Gama. Ni ya hapa hapa, na kwa upande wangu inaanzia Wajir, kwa huo huo ugonjwa.

Miaka ya 70, ukipatikana na kifua kikuu, matibabu yalikuwa mwaka mzima, wakati mwingine mwaka na nusu. Sasa wewe ni mfugaji. Mvua imenyesha upande mwingine, watu wanahama, ngamia hawangoji. Huwezi kukaa kwa wodi mwaka mzima unaangalia dari. Watu walikuwa wanaanza dawa, wakipata nafuu kidogo wanarudi malishoni, ugonjwa unarudi nao, na mara hii dawa hazisikii. Wengi waliamini mfugaji hatibiki, basi.

Mwaka 1976 ukaanzishwa mradi wa majaribio pale Wajir ukiungwa mkono na Shirika la Afya Duniani, na aliyepewa kuusimamia alikuwa mwanamke Mwitaliano, Annalena Tonelli. Alikuja Kenya 1969 kufundisha. Hakuwa daktari. Alikuwa amesomea sheria! Wazo lake lilikuwa rahisi hadi unashangaa kwa nini hakuna aliyelifikiria mapema: kama mfugaji hawezi kukaa wodini, basi aje na nyumba yake. Wagonjwa walijenga vibanda vyao karibu na kituo, wakakaa humo miezi sita na dawa mpya za muda mfupi, na kila siku mtu anaziona zikimezwa. Wakimaliza wanavunja nyumba, wanapakia ngamia, wanaenda wakiwa wazima. Njia inayofanana na hiyo ndiyo WHO ilikuja kuieneza duniani miaka ya 90 kwa jina la DOTS. Yaani kitu kinachofundishwa kwa vyuo vya udaktari kilijaribiwa kwa mchanga wa Wajir, na wengi wetu tuliozaliwa huku hatujui.

Lakini sasa angalia upande wa pili. TB kwa Wasomali, tunaiita qaaxo, haikuwa ugonjwa wa kusema. Ilikuwa inaharibu ndoa. Familia ilikuwa inaficha mgonjwa, inasema ni kikohozi tu, ni vumbi. Halafu huyo huyo mgonjwa anaenda kujenga nyumba mahali ambapo kila anayepita anajua ni mahali pa qaaxo. Ukionekana pale umeshajitangaza. Hakuna faili la kufungia kabatini, hakuna pazia. Mpaka leo jina TB Manyatta limebaki pale Wajir kama jina la mtaa mwingine wowote.

Mbona watu walikubali? Nimelifikiria sana hili. Nadhani ni kwa sababu kila aliyekuwa ndani ya ile manyatta alikuwa na qaaxo, kwa hivyo hakukuwa na wa kumcheka mwenzake. Na aliyekuwa anawajua kwa majina alikuwa anaishi nao, anakula wanachokula, haendi popote. Siri yao ilitoka nje, ndiyo, lakini walilipwa uhai, na waliamua wenyewe kuja. Mtoto wa video yangu alilipwa uhai pia. Sehemu ya kuamua mwenyewe ndiyo hakuipata.

Siwezi kumtaja Annalena niache Wagalla. Februari 1984, tarehe 10, jeshi liliwakusanya wanaume wa Degodia kutoka Wajir na vijiji vya karibu, likawapeleka kwa uwanja wa ndege wa Wagalla. Walivuliwa nguo, wakakaa juani siku kadhaa bila maji, wakapigwa risasi. Serikali wakati ule ilitaja watu 57. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 ilikaribia elfu moja, na manusura wenyewe wanasema ni maelfu. Annalena alikuwa miongoni mwa walioenda kuokota majeruhi na kuzika waliokufa, na picha na habari zilizotoka nje ya nchi zilipitia kwa watu kama yeye. Mwaka uliofuata alilazimika kuondoka Kenya. Aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003, ndani ya kituo chake cha wagonjwa wa TB.

Hapa ndipo wasee wengi watanirudia: si wewe unasema mgonjwa asipigwe picha, na huyu alipiga picha za majeraha na maiti? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba uliza nani alitaka kufichwa. Pale Wagalla aliyetaka mambo yafichwe ni aliyeshika bunduki. Mwenye kidonda alitaka kionekane. Kwa ile video yangu, aliyetaka ionekane ni mimi na nyinyi, na mwenye kidonda alikuwa amelala.

Sasa twende kwa jambo ambalo mtu wa Nairobi anaweza kulisikia akashangaa: kwa nini ayeeyo wangu hataki kuandikwa jina mahali popote. Hata kwa daftari la chandarua. Nesi akija na fomu, ayeeyo anataja jina la marehemu dadake. Tulikuwa tunamcheka.

Lakini mtu wa umri wake amepitia nini? Alikuwa msichana wakati Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilikuwa eneo lililofungwa, huingii wala hutoki bila ruhusa. Uhuru ulipokuja 1963 ukaja na vita vya Shifta, na sheria za hali ya hatari zikakaa huku mpaka 1991. Mtoto aliyezaliwa uhuru ulipopatikana alikuwa mtu mzima na watoto wake kabla ya hizo sheria kuondolewa. Halafu Novemba 1989 serikali ya Moi ikatangaza kwamba Wasomali wa Kenya wa miaka 18 na zaidi wakaguliwe upya, mmoja mmoja, watoe ushahidi wa ukoo na mahali, na anayepita anapewa kadi ya rangi ya waridi atembee nayo juu ya kitambulisho. Kabila moja peke yake. Kwa hivyo ayeeyo akiona kalamu na daftari haoni chandarua. Anaona orodha.

Na kabla hujasema hayo ni ya zamani, vuka uje kwa rika letu.

Kambi za Dadaab zilifunguliwa 1991 na 1992: Ifo, Dagahaley, Hagadera. Ziko ndani ya Garissa, si nchi nyingine. Ukame ukija, na umekuja mara nyingi, mbaya zaidi ule wa 2011 ambapo kambi zilipita watu 400,000, mkimbizi alikuwa na kadi ya chakula, na kliniki, na shule. Mkenya wa kijiji cha jirani, mifugo yake imekufa, alikuwa hana chochote. Mama ana watoto watano, mmoja anaharisha, kliniki yenye dawa iko kambini. Wewe ungefanya nini? Akaenda, akasema yeye ni wa kutoka Somalia, akaandikisha watoto. Vidole vikawekwa kwa mashine. Mtoto akapata maji ya chumvi na sukari, akapona.

Miaka ikapita. Yule mtoto ametimiza 18, anaenda kuchukua kitambulisho, anaweka kidole, na mashine inasema: mkimbizi. Hapo umeisha. Hakuna kitambulisho, maana yake hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna M-Pesa, hakuna akaunti ya benki, huwezi kusajiliwa chuo kama wenzako, huwezi kuvuka daraja la Tana kwenda down Kenya bila moyo kudunda. Makadirio yanayotajwa sana ni watu wasiopungua 40,000. Haki na Sheria, shirika la hapa hapa Garissa, wamelipigania hili kwa miaka, na 2021 likafika kortini.

Mtanikosoa kwamba alama ya kidole si habari ya afya. Sawa, kwa karatasi si hiyo. Lakini kwa huyo mama, kidole ndicho kilikuwa bei ya dawa. Alikitoa ili mtoto atibiwe, na hakuna aliyemkalisha chini kwa Kisomali akamwambia: hiki kidole kitaishi miaka kumi na tano, kitahama kutoka kwa anayekugawia unga hadi kwa anayekupa uraia. Kitu ulichokitoa kwa sababu moja kikatumika kwa sababu nyingine. Ukitaka kuelewa kwa nini sheria za data duniani kote zinasisitiza kwamba habari itumike kwa lile jambo iliyochukuliwa tu, usiende kusoma kitabu. Kaa mahali vijana wanakunywa chai ya saa kumi Suuq Mugdi na uulize nani hana ID.

Februari 2025 Rais Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba ule ukaguzi wa ziada wa kaunti za mpakani umeisha. Watu walipiga vigelegele, na mimi nilifurahi. Lakini kuondoa kikao cha wazee wanaokuuliza babu yako alizikwa wapi ni jambo moja, na kufuta kidole kwa kanzidata ya wakimbizi ni jambo lingine. Na tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, kitambulisho ndicho mlango wa bima ya afya pia. Yaani yule mtoto aliyeandikishwa ili apate dawa, leo anaweza kukosa dawa kwa sababu aliandikishwa. Nikiandika hii sentensi nilisimama nikaenda kutembea kidogo.

Turudi 2015, kwa sababu huo mwaka ulikuwa na mambo mawili.

La kwanza mnalijua. Aprili 2, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Kitu ambacho hatukizungumzii ni zile picha. Miili ilikuwa imepelekwa Nairobi, familia zimepanga foleni kutambua watu wao, na huku picha za ndani ya mabweni zinazunguka kwa simu. Niliziona kwa simu ya kaka ya rafiki yangu, tumekaa watoto sita chini ya mti, tunakuza picha kwa vidole viwili. Hakuna mtu mzima aliyetunyang'anya. Wale walikuwa watoto wa watu, na walifika kwetu bila nguo za heshima. Sijui kama kuna aliyewahi kutufundisha kwamba maiti ina aibu yake kwa simu kama ilivyo nayo kwa sanda. Dini inasema. Simu ilikuja bila kuulizwa hilo.

La pili lilikuwa limetokea wiki chache kabla, na nina hakika wengi hamlijui. Februari 23, 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makamishna wa kaunti, wakishirikiana na wizara za elimu na afya, wakusanye data ya watoto wote wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI, walezi wao, pamoja na mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Nia, walisema, ni kupanga huduma. Na fomu zilitaka majina.

Kamishna wa kaunti si daktari. Ni mtu wa serikali ya ndani, ofisi iko karibu na polisi. Fikiria basi jina la mtoto wa darasa la nne likitoka kwa mwalimu, kwa chifu, kwa karani, hadi kwa meza ya kamishna. Na fikiria huku kwetu hasa. Kaunti za Kaskazini Mashariki zimekuwa na viwango vya chini kabisa vya HIV nchini. Watu hudhani hiyo inarahisisha mambo. Ni kinyume. Kisumu ukisema "mtoto mmoja wa shule hii" hakuna anayejua ni nani. Kijiji cha Fafi au Balambala ukisema hivyo, hauhitaji hata kumalizia. Watu wenyewe watajaza jina. Idadi ikiwa ndogo, namba peke yake inakuwa jina.

Shirika la KELIN na wenzake walienda Mahakama Kuu. Desemba 7, 2016, Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba agizo lile lilivunja Katiba: kifungu cha 31, kinacholinda faragha, na kifungu cha 53, kinachosema maslahi ya mtoto yawekwe mbele. Aliamuru majina yaliyokuwa yamekusanywa yageuzwe kuwa alama zisizomtambulisha mtu, ndani ya siku 45. Kwangu mimi hiyo ni moja ya hukumu kubwa za nchi hii na haina hata memu moja.

Na usifikirie serikali haiwezi kupanga huduma bila majina. Sisi ndio ushahidi. Mvua za El Niño za 1997 zilipojaza maji mpaka barabara ya Garissa ikapotea, watu na mifugo walianza kufa wakitoka damu. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa. Wataalamu walizunguka vijijini wakapima damu za watu, na kutoka kwa hizo damu wakakadiria kwamba wilaya ya Garissa peke yake ilikuwa na maambukizi kama 27,500. Ugonjwa uliporudi mwisho wa 2006, Garissa tena, historia hiyo ilikuwa tayari imeandikwa. Taja mgonjwa mmoja wa 1997 kwa jina. Huwezi. Hata mimi niliyesoma siwezi. Namba iko, watu wamebaki na siri zao.

Kuna kitu kingine, kidogo, ambacho hakiingii kwa kesi yoyote, na mimi ndiye ninayekijua vizuri.

Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipoanza kuwa mkalimani. Madaktari wengi huku wametoka down Kenya. Mgonjwa anajua Kisomali tu. Katikati yao anasimama yeyote aliyepo: mlinzi, mama wa kufagia, mgonjwa wa kitanda cha pili, mtoto. Rafiki ya hooyo alikuwa mgonjwa, hooyo hakuwa na Kiswahili cha kutosha, nikaambiwa nivae viatu. Daktari, kijana mpole tu, akaniambia, "Muulize kama ametokwa na damu, na ni kwa muda gani." Nilijua alimaanisha damu gani. Nilimwangalia yule mama, rafiki ya mamangu, aliyekuwa akinipa maziwa nikienda kwake. Nikamuuliza kama anaumwa tumbo. Akasema ndiyo. Nikamwambia daktari, "Anasema hapana, ni tumbo tu."

Wiki mbili baadaye alirudishwa hospitali amebebwa. Aliishi, alhamdulillahi. Na usiku ule wa kwanza, kabla ya kulala, nilimwambia dada yangu kila kitu. Yaani kwa siku moja nilificha kwa daktari kilichotakiwa kusemwa, na nikasema nyumbani kilichotakiwa kufichwa. Miaka kumi na moja! Nani alinipa hiyo kazi?

Sheria ya Afya ya 2017 inasema habari za mgonjwa ni siri, hazitolewi ila kwa idhini yake, au amri ya korti, au sheria, au pale kunyamaza kunahatarisha afya ya umma. Inasema pia mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, inapowezekana. Hilo neno "inapowezekana" limebeba mzigo mkubwa sana huku. Kiapo cha daktari hakimfiki mlinzi anayetafsiri. Na nimeona mahali mambo yakienda vizuri: mama wa makamo, mhudumu wa afya ya jamii, anayejulikana kwa kutosema. Wanawake wanamtafuta kwa jina. Kwa Kiswahili na kwa Kisomali tuna neno lile lile, amana, na wazee hawalitumii kwa pesa tu. Watabibu wa Kiislamu waliandika kuhusu adabu ya daktari tangu karne ya 9. Kitabu cha al-Ruhawi kinaitwa hivyo, Adabu ya Tabibu. Hatuwezi kusema faragha ni mambo ya wazungu.

Sasa mimi. Nilipoitoa ile video nilijitetea kwa mamake mtoto, kwa upole lakini nilijitetea: "Habaryar, lakini ulinipa ruhusa." Akanyamaza. Kisha akasema, "Ungeniomba figo siku ile ningekupa."

Nikaenda kusoma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nikitafuta mahali pa kujificha. Sikupata. Habari ya afya imewekwa kwa kundi la habari nyeti. Idhini inaweza kuondolewa wakati wowote. Na kwa mtoto, kifungu cha 33, ruhusa ya mzazi peke yake haitoshi. Ni lazima pia jambo lenyewe lilinde na kuendeleza maslahi ya mtoto. Mambo mawili, si moja. Nilikuwa na moja. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliipiga shule moja ya Uthiru faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na wale walikuwa watoto wazima tu, bila ugonjwa.

Desemba 2025 nchi nzima ilikuwa inazungumza kuhusu mkataba wa afya kati ya Kenya na Marekani, na Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu ya kutoa data za wagonjwa. Kila mtu kwa mtandao alikuwa mtaalamu: data yetu, damu yetu. Niliandika na mimi, nikapata maoni mengi. Nilikuwa nasema kweli. Lakini nilipoweka simu chini nilikumbuka kwamba Marekani haijawahi kumpiga picha mtoto wa jirani yangu.

Nimekuwa nikizitafuta zile nakala. Mpaka sasa nimepata kumi na nne, tisa zimetolewa baada ya kuwaandikia wenyewe, mbili wamenitukana, tatu hawajibu. Kama uko nayo kwa simu, ifute tu, hauhitaji kuniambia. Kwa kuchangisha nimebadilisha utaratibu: sipigi uso, sitaji ugonjwa, na siombi ruhusa nikiwa nimesimama juu ya kitanda. Pesa inakuja kidogo zaidi. Sana, kusema ukweli. Kuna mzee mmoja tulimchangia mwezi uliopita kwa njia hiyo na hatukufika nusu, na familia yake iliniuliza kwa nini sikuonyesha mguu.

Yule msichana amerudi duksi, lakini ya bulla nyingine, mbali kidogo. Nilimpelekea mamake unga na maziwa Ijumaa. Mtoto alifungua mlango, akaniona, akaangalia mkono wangu kwanza, uone kama nimeshika simu.